Neno la Kirumi Mbele ya Jaji wa Birmingham

Nilisafiri kwenda Birmingham kwa sababu ya neno moja. Mama Furaha, Mkongomani anayeishi huko, aliiomba serikali ya Uingereza ruhusa ya kumchukua Neema, binti wa marehemu kaka yake, aliyebaki Bujumbura kwa majirani. Mahakama ya Uvira, huko Kongo, ilikuwa imemtaja Mama Furaha kuwa *tutrice* wa mtoto, yaani mlezi aliyewekwa na sheria. Mfasiri aliyeigeuza hukumu hiyo kwa Kiingereza aliandika *tutor*, na kwa Waingereza huyo ni mwalimu wa kumsaidia mtoto masomo. Ombi likakataliwa. Alipokata rufaa, wakili wake alitafuta mtu wa kueleza uzito wa neno hilo kwetu, akanipata mimi, mwalimu wa historia ya sheria za Ulaya mjini Lubumbashi. Niliandika maelezo, nikaitwa kuyatetea.

Ndani ya ndege niliyasoma tena, na tukiwa juu ya Sahara nikaona hatari niliyoiandika mwenyewe. Ukurasa wa pili nilikuwa nimesimulia jinsi neno hilo lilivyotoka Roma, likapita kwa Wafaransa na Wabelgiji hadi likatufikia. Nikaongeza, kama walimu tunavyopenda kuongeza, kwamba Roma ya kale haikumruhusu mwanamke kuwa mlezi wa kisheria. Ni kweli. Lakini mtu wa upande wa pili angeufanyia nini ukweli huo? Na maelezo yalikuwa yameshafika mahakamani.

Digbeth, kituo cha mabasi cha Birmingham, nilishuka basi mvua ikinyunya, nikachukua teksi hadi mtaa wa Balsall Heath, kwa Bi Zuhura, mjane wa Kizanzibari anayepangisha chumba. Alinipakulia wali na mchuzi wa samaki, nikawa nauchezea tu kwenye sahani.

"Mwanangu, wali hauna kesi. Kula."

"Bi Zuhura, nikikosea kesho, mtoto wa watu atabaki alipo."

"Na ukenda na njaa ndo utasema vizuri?"

Nilikula kidogo kwa heshima yake.

Asubuhi, kwenye korido ya mahakama, mwanamke aliyevaa kitenge chini ya koti zito alinishika mkono. "Ni weye mwalimu ya Lubumbashi? Mi sijafundishaka Neema hesabu hata siku moja. Nilimubeba mu mugongo tukikimbia Uvira. Utabaambia vile?"

"Mama Furaha, nitajibu watakachoniuliza. Hata kama jibu halikusaidii."

Akaniachia mkono.

Maswali ya wakili wake yalikuwa mepesi. Kisha akasimama mwakilishi wa serikali, kijana mpole, akafungua ukurasa wa pili.

"Umeandika kwamba chanzo cha cheo hiki ni sheria ya Kirumi?"

"Ndiyo."

"Na sheria hiyo ilimkataza mwanamke?"

"Kwa karne nyingi, ndiyo."

"Basi, kwa maelezo yako mwenyewe, chanzo kinampinga Mama Furaha."

Nyuma yangu nilimsikia mkalimani akimnong'oneza Mama Furaha maneno hayo. Ndipo nikaona kwamba kijana yule alikuwa amefunga vitu viwili kwa neno moja, chanzo.

"Mheshimiwa Jaji," nilisema, "Roma ndiko neno lilikozaliwa. Lakini chanzo cha sheria ni kile kinachomfunga jaji anapohukumu leo. Jaji wa Uvira alifungwa na sheria ya familia iliyotungwa Kongo, na sheria hiyo inamruhusu mwanamke. Hakuhukumu kwa Roma."

Jaji alinitazama juu ya miwani. "Kwa hiyo mlezi huyo ni sawa na mlezi wa kisheria wa hapa kwetu?"

Hapo ningeweza kusema ndiyo. "Si sawa kabisa, Mheshimiwa. Kwetu baraza la ukoo lina sauti pia katika mambo ya mtoto. Lakini hukumu hii inasema wazi kwamba Neema akae kwake."

Jaji aliandika kwa muda mrefu, kisha akasema uamuzi utatumwa baadaye.

Nje, Mama Furaha hakunishika mkono tena. "Juu ya nini ulisema si sawa?"

"Kwa sababu si sawa, Mama."

Akaenda kupanda basi lake la Winson Green bila kuniaga.

Njia nzima ya kurudi nililiwaza jibu langu kwa Jaji. Hata Lubumbashi, simu ikilia darasani, nilipoteza nilichokuwa nikisema. Wiki kadhaa zikapita ndipo Mama Furaha akapiga.

"Mwalimu, tumeshinda! Wakili alinisomea. Jaji anasema alikuamini juu ulisema hata ile yenye haikutusaidia."

Niliketi chini. Miaka yote nimewafundisha wanafunzi kwamba asili ya neno ni kitu kimoja na nguvu yake ya leo ni kitu kingine. Nilikuwa sijawahi kulisema hilo huku mtu akisubiri mtoto wake. Na nilijifunza kwamba shahidi anayekubali panapomuuma ndiye husikilizwa anapokataa.

Baadaye alipiga tena, akiongea kwa sauti ya chini mno.

"Neema amefika. Analala tangu jana. Naogopa kumuamsha."

Nikamwambia amwache alale.