Grili Iliyorudi Baada ya Mazishi

Wiki iliyopita tulimzika nyumbani kwao Janga dada aliyekuwa muuza duka ninaponunua mahitaji yangu hapa Sofu, nje kidogo ya Dar. Msibani mwenye duka alitueleza kuwa dada alianguka kutoka kwenye stuli akipanga bidhaa rafu ya juu, akagonga kichwa. Wengi wakaitikia kuwa ni mapenzi ya Mungu. Lakini mimi maelezo yale hayakuniingia, na wasomaji wangu mnanijua nikishaingiwa na shaka.

Duka lile zamani lilikuwa na grili ya nondo mbele ya kaunta. Unaagiza ukiwa nje, unapokea kupitia kidirisha. Mwaka huu mwenye duka aliing'oa ili paonekane pa kisasa, wateja waingie wajichagulie. "Mzee, sasa hivi niko kama kuku nje ya banda," dada aliniambia akicheka, ila macho hayakucheka. Siku moja nilishuhudia mteja akimrushia chupa ya soda kifuani, eti si ya baridi. Mwenye duka akamgeukia dada: "Muombe mteja msamaha." Akaomba. Nilipompa pole akaninong'oneza, "Acha tu, mzee. Huyu kila akija anazidi kunisogelea." Niliumia. Wengi wetu tunarudi kutoka Dar na hasira za foleni na za bosi, na wa kwanza kukutana naye ni muuzaji, ambaye kazi yake haimruhusu kujibu.

Sisemi mteja yule ndiye aliyemuua. Sikuwepo siku aliyokufa, ingawa tangu msiba sijamwona tena. Ila jana nilikwenda kununua sabuni nikakuta grili imerudishwa, rangi bado mbichi.

"Kulikoni?" nikamuuliza mwenye duka.

"Usalama tu, mzee wangu."

Usalama gani, ikiwa aliyeua ni stuli? Na stuli yenyewe ipo palepale. Muuzaji mpya aliipanda mbele ya macho yetu kunishushia sabuni, na bosi wake hakushtuka hata kidogo.

Mama wa marehemu amepewa stuli ya kulaumu. Jumamosi nakwenda Janga kumweleza habari ya grili, na akiridhia nitamsindikiza polisi. Muuzaji akifia kazini, tusiwe wepesi wa kuitikia. Tuulize kwanza, tena tuulize kabla rangi haijakauka.