Kisima Kilichoitwa Eseki

Nilitoka Kitale nikiwa juu ya magunia ya mahindi. Lori liliharibika kabla hatujafika Nakuru, likaharibika tena Mtito Andei, tukalala chini yake tukingoja kipuri. Dereva alinilaumu mimi. Alisema kila akimpakia mwashi mwenye mwiko na timazi, gari hukataa. Mariakani joto lilinipiga usoni kama mtu aliyefunua sufuria, na Changamwe nikashushwa pamoja na mzigo. Nilikuwa nimekaa miji mingi, na kila mji niliouhama niliuota nikiwa katika uliofuata. Safari hii nikajiambia imetosha. Hapa nitakaa.

Kazi ya uashi ilinivusha hadi Kisauni, na Mishomoroni nikapata chumba kwa mama mmoja mjane, mwenyeji wa Kaloleni. Nyumba ilikuwa yake, ardhi haikuwa yake. Ndivyo ilivyo sehemu nyingi nje ya kisiwa cha Mombasa: mtu anajenga juu ya shamba la mwingine na kulipia nafasi aliyokalia. Nilielezwa hayo siku ya kwanza nikasema sawa, kama mtu anavyosema sawa kwa jambo ambalo haoni linamhusu nini.

Uani kulikuwa na kisima kikongwe kilichofukiwa na mchanga na takataka. Mfereji wetu ulitoa hewa tu, na maji tuliyanunua kwa wasukuma mikokoteni. Kazi zilipoadimika nilijifunga kamba kiunoni nikashuka. Nikazoa makopo, viatu, hata godoro zima. Maji yalipotoka yalikuwa na chumvi kidogo, lakini ya kufulia na kuogea yalifaa sana. Ili mchanga usiporomoke tena, nikakijengea ukuta wa mawe na simiti kutoka chini hadi mdomoni. Mama akaanza kuniita mwanangu. Kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi nikanunua kitanda badala ya godoro la kukunja.

Kisha akaja msimamizi wa shamba, mzee wa Mombasa mwenye kofia nyeupe na adabu nyingi. Alisalimu, akazunguka kisima, akakigonga kwa fimbo.

"Nani kajenga hapa?"

"Fundi wangu," mama akasema kwa fahari.

"Kajenga kwa mawe?"

"Ulitaka ajenge kwa mkate?"

Mzee hakucheka. Akanigeukia mimi. "Bwana fundi, wallahi sina ugomvi nawe. Lakini ardhi hii ruhusa yake ni udongo na mabati. Jiwe halihami. Leo umejenga kisima, kesho utasimama kortini useme umekaa, umejenga, una haki. Tajiri mwenye shamba ataka kifukiwe."

"Kifukiwe!" mama akaruka. "Kisima hiki kachimba marehemu mume wangu!"

"Kachimba shimo, mama. Na ardhi ya shimo ni ya nani?"

"Basi mwambie tajiri aje achukue shimo lake, aende nalo!"

Tangu siku hiyo sikupata kula kwa amani. Mzee akija hunitaka nishuhudie kwamba sikuomba ruhusa. Akiondoka, mama hunitaka nishuhudie kwamba mzee kamtukana, na mzee hakumtukana mtu. Wapangaji nao wakawa wanagombania zamu ya kuteka kabla kisima hakijafukiwa. Nilisema nitabomoa mawe yangu. Mama akaniuliza kama nataka mchanga urudi.

Jumapili alasiri ushirika wetu wa maombi ulikutanikia uani kwetu. Wengi wetu tulikuwa watu wa bara. Kiongozi alikuwa karani mstaafu wa bandarini, mtu anayependa kueleza maana ya majina. Akasoma habari za Isaka na visima vyake: watumishi wake walichimba, wakapata maji, wachungaji wa Gerari wakaja wakadai maji ni yao. Isaka akakiita kisima hicho Eseki.

"Eseki," akasema, "kwa Kiebrania ni ugomvi. Ni watu kushikana juu ya kitu kimoja, hakuna anayeachia. Isaka akaachia. Akachimba cha pili, wakakigombania, akaachia. Cha tatu hawakukigombania, akakiita Rehobothi, yaani nafasi."

Wote wakaitikia amina, na wote wakanitazama mimi.

Ndipo nikajua, na karani mwenyewe hakuficha. Karani alikuwa ameshaonana na msimamizi. Tajiri hakuwa na neno na maji, neno lake lilikuwa na mjenzi. Mjenzi akihama, hakuna wa kwenda kudai kortini, kisima kitabaki.

"Ndugu yangu," karani akasema kwa upole, "Isaka wa hapa ni wewe."

"Isaka alikuwa na mbuzi na watumishi," nikasema. "Mimi nina mwiko. Na mbona hakuna anayewahubiria wachungaji wa Gerari? Kila siku mahubiri ni ya yule aliyechimba!"

"Ndugu, usiingiwe na roho ya Eseki," mama mmoja akasema nyuma yangu, na wengine wakaguna kukubali.

Nikamtazama mwenye nyumba wangu. Nilimngojea yeye. Kama angesema neno moja tu, ningebaki nipambane. Akakunja ncha ya leso yake, akaikunjua.

"Mwanangu," akasema, "wewe una miguu. Mimi nina nyumba."

Nilikasirika zaidi kwa sababu alisema kweli.

Jina likabaki kwa kisima. Watoto wa jirani walikuwa wakitumwa, "Nenda Eseki, niletee ndoo mbili," kama vile wanatumwa dukani. Hata msimamizi alipopita akaniuliza, "Huyo Eseki ndiye baba yako?"

Siku niliyoondoka mama alinitekea maji ya kuoga mwenyewe, akayaweka mlangoni. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kuinua uso. Kitanda nikamwachia. Nilikuwa nimefika njiani niliposikia ndoo zikigongana nyuma ya nyumba, na sauti mbili za wanawake.

"Toa kamba yako, nilitangulia mimi!"

"Kwani Eseki ni ya mumeo?"

Nikasonya, nikahamishia mfuko wa mwiko bega la pili, nikaenda kutafuta gari.