Maswali ya Bibi

Nilitoka Taita nikiwa msichana, nikavuka mpaka wa Tanganyika na bibi mmoja Mzungu wa kanisa letu. Tulikuwa tunakwenda Meru, yeye kuwatibu watoto macho, mimi kuwasaidia akina mama kuwaosha na kutafsiri. Nilijitolea kwa moyo mweupe. Nilidhani tutapokelewa kwa nyimbo.

Akina mama walikaa kwenye baraza la kanisa, watoto wamewafunika kwa kanga, wakatutazama tu. Siku zile uvumi ulikuwa umezagaa mlimani kwamba watu watahamishwa ili walowezi wapate malisho. Kila mgeni alionekana kaja kupima ardhi.

Nililala kwa mama mmoja mjane, Mkristo wa siku nyingi. Jioni ya kwanza alinipakulia mtori, supu yao nzito ya ndizi, akakaa mbele yangu.

"Binti, huko kwenu watoto wote wamepona macho?"

"Hapana, mama."

"Sasa mbona umewaacha, ukaja kwa wetu?"

Nikala huku nimeinama.

Kazi ilianza polepole. Niliosha nyuso za watoto kwa maji ya mfereji yaliyochemshwa, Bibi akatia dawa. Lakini kila mama alipokaa mbele yetu, Bibi aliniambia, "Muulize mumewe yuko wapi." Nikauliza. Jibu lilikuwa moja: "Yuko shambani, kwenye kahawa." Jua, mvua, mume yuko kwenye kahawa. Niliona jinsi walivyotazamana kila nilipouliza, na usiku mjane akawa anafunga mlango wa chumba chake kwa komeo.

Siku moja akaja bwana wa serikali kwa gari. Bibi akamkaribisha chai nje ya nyumba ya wageni, wakaongea mpaka chai ikapoa. Kesho yake baraza lilikuwa tupu. Hakuja hata mtoto mmoja.

"Ulimwambia nini yule bwana?" nikamuuliza Bibi.

"Hakuna la maana. Aliuliza kama wanaume wanaonekana. Nikamwambia hapana, wako kwenye kahawa, ingawa msimu wa kuchuma umekwisha."

Alisema huku anakunja taulo, kama anayezungumzia hali ya hewa. Ndipo nikaelewa kwamba wanaume walikuwa wakikutana kwa siri kupinga kuhamishwa, na serikali ikiwasaka. Niliyempa maneno hayo ni mimi, kwa kinywa changu.

Nilikwenda kwa mjane, nikamkuta anakata majani ya migomba kwa ajili ya ng'ombe. Nikamweleza yote. Hakuacha kukata.

"Tulijua anauliza kwa ajili ya mtu," akasema. "Hatukujua kama na wewe unajua."

"Sikujua, mama. Nakuapia."

"Usiape. Kawaambie wao wenyewe huo ukweli. Mimi sikusemei."

Nilizunguka nyumba hadi nyumba. Wengine walinisikiliza wakiwa mlangoni, wengine hawakutoka. Kisha nikarudi kwa Bibi nikamwambia sitatafsiri tena swali lisilohusu macho. Akawa mwekundu. Alisema mimi ni mtovu wa shukrani, kwamba alitaka tu kujua kama watoto wana baba wa kuwalisha. Huenda alisema kweli. Mpaka leo sijui, na nimemfikiria mara nyingi.

Baada ya siku kadhaa akina mama wakarudi, si wote. Mmoja alinipa mtoto wake nimwoshe, lakini mkono wake haukuachia kanga ya mtoto hata kidogo. Macho ya mtoto yule yalipona. Mama yake hakutabasamu. Alimfunga mgongoni, akashuka njia ya migomba bila kugeuka.

Asubuhi ya kuondoka mjane alinifungia ndizi za kuchoma kwenye jani.

"Shikamoo, mama. Nitakuja tena kukuamkia."

"Marahaba," akaitika. "Ukija, uje peke yako."