Aliyelowa Zaidi

Khiêm na Toại walikuwa wapagazi wa mchele jeshini, katika msitu wa Trường Sơn, mwaka 1969, ndege za adui zilipowamwagia dawa ya kuua majani. Msitu ukabaki vijiti vitupu, nao wakaendelea kunywa maji ya kijito kilekile. Vita vilipokwisha wakarudi kwao Thái Bình, wakaoa, wakalima mpunga. Uzeeni, katika mwaka uleule mmoja, wote wawili wakaambiwa wana saratani ya damu.

Walitibiwa Hanoi kwa dawa ileile. Damu ya Toại ikasafika. Ya Khiêm ikakataa. Tangu hapo Khiêm hakuvumilia kumwona mwenzake akipita na baiskeli, mashavu yamejaa, akipiga mluzi. Toại akimletea uji wa samaki aina ya mkunga, yeye hujifanya amelala.

Siku moja Toại alikuja na shida. Mchwa walikuwa wamekula karatasi zake za jeshi, na bila shahidi asingetambuliwa kuwa ni mwathirika wa sumu ile.

"Ndugu yangu, waliokuwepo siku ile umebaki wewe tu."

"Sikumbuki," Khiêm akajibu, macho ukutani.

Toại alipoondoka, Nhàn, mke wa Khiêm, aliweka ungo chini. "Hukumbuki! Ukipiga vikombe viwili tu vya pombe, unatusimulia hadi mawe ya kile kijito."

"Kashapona. Anataka nini tena?"

"Kwa hiyo ulitaka afe ndiyo roho yako itulie?"

Moyoni mwa Khiêm jibu lilikuwa ndiyo, na lilimtisha.

Siku ya tatu akajikokota hadi mbele ya kamati ya kuwatambua waathirika. Alisema yote, hata lile ambalo hakuwahi kumwambia Nhàn: siku ile yeye alikuwa hoi kwa malaria, Toại akamfunika kwa turubai lake la pekee, mwenyewe akabaki nje, ukungu wa dawa ukimlowesha chapachapa.

"Aliyelowa zaidi ni yeye," alisema. "Na aliyepona ni yeye. Nimemwonea wivu. Andikeni na hilo."

Nyuma yake Toại alicheka huku akijifuta machozi. "Mjinga we! Ningejua utaninunia hivi, ningejifunika mwenyewe!"

Toại alipata cheti chake. Khiêm alibadilishiwa dawa, ikamkubali, ikampa miaka minne mingine. Wivu haukumtoka. Kila walipokutana hospitali, kabla hata ya salamu, alinyoosha mkono: "Lete majibu yako niyaone." Akikuta ni mazuri kuliko yake, alinuna njia nzima hadi mkahawani, mpaka supu ya tambi iletwe mezani.