Nyasi za kaburi la baba

Leo nimemliza mama, na mimi nilidhani namfurahisha.

Asubuhi nilitoka Amani kwenda Makunduchi kumtazama. Nikamkosa, yuko pwani kwenye mwani wake.

Nikaona kaburi la baba nyuma ya nyumba limefunikwa na nyasi. Nikashika jembe. Kufika adhuhuri umebaki mchanga mtupu, na nimeshafagia.

Mama akarudi.

"Shikamoo mama. Umeona palivyotakata?"

Akakaa chini pale pale, machozi yakimtoka.

"Ushazing'oa zote, mwanangu?"

Kumbe alizipanda mwenyewe. Zile fupi zenye masuke mekundu, ambazo baba akiwakatia ng'ombe wake na kuzisifu kuliko maua. Pale zilipokuwa zikiota sasa pana majumba. Mbegu za mwisho ndizo alizompandia baba.

Mimi miaka yote naziita magugu.

Tulizirudisha ardhini, yeye akizishika, mimi nikimwagia maji. Lakini jua lilishazikausha mizizi. Hakunigombeza hata neno moja, na hilo ndilo linaloniuma.

Jamani, hata jina la nyasi hizo hatulijui. Anayejua zinapoota aniambie, hata likiwa shina moja tu.