Tangazo la Tatu

Padre alitutangaza mara mbili. Mara ya tatu hakututangaza, kwa sababu mchumba wangu alikuwa amekwisha kufa.

Miaka ile ya hamsini, pale misheni Ifakara, ndoa ilitangazwa kanisani Jumapili tatu mfululizo, ili mwenye kujua kizuizi aseme. Kabla ya hapo sisi wasichana tulikaa kwa masista tukifundishwa katekisimu, kushona na kujitunza. Kujitunza ndilo lilikuwa somo kubwa. Sista aliyetufundisha alikuwa na shela moja kabatini na taji la maua ya kitambaa, akiazimisha harusi hadi harusi. Msichana aliyejitunza alivaa shela, kengele ikapigwa, akafunga ndoa Jumamosi watu wote wakiona. Asiyejitunza alifungishwa siku ya kazi, misa ya alfajiri, na leso kichwani, kengele kimya. Hakuna aliyehitaji kuuliza sababu. Mama yangu aliitaka ile kengele kuliko mimi nilivyomtaka mume, na mimi nilimtaka sana.

Mchumba wangu alikuwa mvuvi wa Kivukoni. Mrefu, mcheshi, hakuwa na haraka na kitu chochote isipokuwa chakula. Masista waliponiruhusu kwenda nyumbani kusaidia kuwinga ndege wasile mpunga, alinifuata shambani na kambale wa kukaushwa. Mimi nilikuwa juu ya dungu, kile kibanda cha nguzo tunamolala wakati wa kulinda shamba. Mvua ikashuka. Bibi yangu, aliyekuwa kwenye dungu lake hatua chache kutoka kwangu, akapiga kelele: "Mwambie mkwe wangu apande, homa itamuua!"

Kwa bibi mambo yalikuwa yamekwisha. Mahari ilishapokelewa, kijana ameshatulimia misimu miwili kama desturi inavyotaka, sasa tunangoja nini? Alipanda, akakaa mlangoni, nguo zinachuruzika, magoti yake yamegusa yangu. Nilimtaka pale pale. Katika umri huu sioni haya kusema. Nikamwambia, "Bado Jumapili tatu."

Akacheka. "Haya, mvumilivu hula mbivu." Akashuka, akaenda zake kwenye mvua. Methali hiyo siipendi mpaka leo, na wajukuu zangu wanajua wasiitamke mbele yangu.

Jumatano baada ya tangazo la pili, kiboko alipindua mtumbwi wake. Wenzake walimpata kesho yake kwenye matete. Habari ilinikuta natwanga. Niliendelea kutwanga. Watu walisema nimechanganyikiwa, lakini sikuwa nimechanganyikiwa. Mpunga ulikuwa bado una maganda, na sikujua kitu kingine cha kufanya na mikono yangu.

Msiba ulikuwa kwa mama yake, mjane, na yule ndiye aliyekuwa mwanawe pekee. Ndani walikaa wenye msiba, kwenye mikeka. Mke wa marehemu hukaa pembeni ya mama mkwe, hunyolewa nywele, hupelekwa mtoni kuogeshwa, na watu wote hujua kwamba aliyefiwa ni huyu. Wageni walikaa nje. Nilipoingia na mama yangu hakuna aliyejua anikalishe wapi. Nilisimama katikati ya chumba. Nilichotaka ni kukaa kwenye ule mkeka, basi.

Mama yake akainua uso. Akaniuliza kwa sauti, wanawake wote wakisikia: "Mwanangu, ninyi mlishakuwa mtu na mkewe?"

Kilio kikakatika. Mama yangu alikuwa ameshika mwimo wa mlango. Nje katekista alikuwa akiongoza rozari, nikawa nasikia Salamu Maria moja hadi mwisho. 

"Hapana, mama," nikasema.

"Hata siku moja?"

"Hata siku moja."

Akainamisha kichwa. Shangazi wa marehemu akanishika mkono taratibu, akanitoa nje, akanikalisha na wageni. Nikaletewa wali kama mgeni mwingine yeyote. Nikala. Ulikuwa na kiini, haukuiva vizuri. Nimesahau nyimbo zote za mazishi yale, lakini ule wali naukumbuka.

Makaburini padre alitusifu. Alisema hawa walikuwa vijana waliongoja, na kwamba marehemu amekwenda mbele ya Mungu akiwa safi. Shingo zikageuka kunitazama. Mama yangu alilia huku amejinyoosha, na nikajua kwamba ndani ya kilio kile mlikuwa na fahari kidogo. Sikumkasirikia. Sikuhisi chochote, wala kwake, wala kwa padre, wala kwa yule aliyekuwa ndani ya sanduku.

Siku ya kunyoa wenye msiba sikuitwa. Nywele zangu zilikuwa zimeshasukwa kwa ajili ya harusi. Nilimwendea bibi uani, nikamwomba aninyoe. Akaweka chini ungo wake.

"Wembe wa msiba ni wa wenye msiba, mjukuu wangu. Wewe umefiwa na nani?"

Hakunikejeli. Aliuliza kweli, kama mtu anayetaka kujua nimfanyie nini huyu mtoto. Mchumba hakuwa ndugu, na mume hakuwa bado. Nikarudi ndani na nywele zangu.

Baada ya miaka mitatu niliolewa na seremala, mtu mwema, ambaye hana hatia yoyote katika habari hii. Padre alitutangaza mara ya kwanza, ya pili, na ya tatu. Ile ya tatu nilikuwa nimekaa benchi la mbele nikihesabu vigae vya altare. Sista alitoa shela kabatini, akaniambia hajapata kuivalisha kwa furaha kama siku hiyo. Kengele ilipigwa mpaka mama yangu akasema inatosha sasa. Watu walisema nimetulia. Kweli nilikuwa nimetulia, tangu siku ile ya kutwanga.

Nje ya kanisa wanawake walijipanga kunipongeza. Miongoni mwao alikuwamo mama wa marehemu. Alikuwa amekuja kwa miguu kutoka Kivukoni, na alikuwa amezeeka kuliko miaka ile mitatu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

Akaninyooshea shela begani, polepole, kama mtu anayekunja nguo ya mtoto. Kisha akasogea karibu, asisikie mwingine.

"Siku ile nilikuuliza ili useme ndiyo."

"Ingekuwa uongo, mama."

"Najua. Wewe peke yako ungejua ni uongo. Lakini mimi ningekaa miezi miwili, mitatu, nikidhani una mjukuu wangu tumboni." Mkono wake ulikuwa bado kwenye shela. "Hata hiyo miezi ukaninyima."

Nyuma yake wengine walikuwa wanangoja, naye akajisogeza pembeni, akawapisha waje kunipa hongera.