Niliwatisha Majirani Wasiende Kwenye Msaada, Kisha Nikaenda Mimi

Nimekosa, ndugu zangu. Leo sitaki kuzunguka, ingawa wanaonijua watacheka, maana kuzunguka ndiyo kazi yangu. Nilidanganya watu wenye njaa. Kisha mimi nikaenda kwa siri!

Ni wakati ule wa korona, tulipofungiwa ndani. Naishi mtaa wa Bertrams, huku kusini tulikokimbilia, katika nyumba kubwa ya zamani iliyogawanywa vyumba kwa mbao. Tumo Wakongo, Watanzania na Mrundi mmoja mlinzi. Mimi ni Mkongo wa Uvira. Shule niliiona mlango tu. Kiswahili nasoma kwa kufuata na kidole, Kizungu hapana kabisa. Ila kusimulia! Nikianza pale uani, watu wanaacha sufuria motoni. Siku moja mboga ya sombe ya mke wa Mrundi iliungua kwa ajili yangu, akanitukana mpaka… basi, hiyo tuiache.

Likaja tangazo: jiji linatoa pesa za msaada kwa maskini, hata wasio na kibali. Uende ukumbi wa kanisa ujiandikishe, na mtu wa mtaa akushuhudie kwamba unaishi hapo. Watu wakanijia. "Papa Mzee, unasemaje? Twende?"

Ningesema sijui. Lakini mzee aseme sijui mbele ya watu! Nikakohoa kwanza. "Msiende. Ni mtego wa uhamiaji. Nimeona kwa macho yangu gari la wavu nyuma ya kanisa, watu wanapakiwa kama mbuzi."

Sikuona gari. Sikuona hata mbuzi! Kwenye foleni ya mkate nilimsikia mtu akisema kwamba naye amesikia. Mimi nikaongeza wavu, nikaongeza mama analia, kiatu kimoja kimemtoka. Hadithi bila kiatu hainogi.

Mama Zawadi, fundi wa kushona, mjane mwenye watoto, hakuridhika. Akanifuata mlangoni. "Papa, uko na hakika? Mimi niko na cherehani tu, na hakuna mtu analeta nguo."

"Binti yangu, nikudanganye nipate nini?"

Akarudi chumbani. Nyumba nzima haikuenda hata mtu!

Eish, njaa haina mzee. Siku ya mwisho ya kujiandikisha unga wangu uliisha. Nikapandisha barakoa mpaka chini ya macho, nikajiambia naenda kupeleleza. Gari halipo. Kuna viti vimepangwa kimoja mbali na kingine, na dada mmoja mpole. Karatasi yangu ya ukimbizi ilishapitwa na muda, akasema haidhuru. Muuza nyanya wa kona akanishuhudia. Nikaambiwa watanipigia simu.

Ningekimbia kurudi nipige kelele! Ukumbi ulikuwa wazi mpaka jioni. Badala yake nikatembea polepole, makusudi. Langoni nikamkuta Mama Zawadi anaanika nguo.

"Papa, umetoka wapi?"

"Kunyoosha miguu."

Kunyoosha miguu! Neno hilo mpaka leo linanichoma. Niliogopa kuchekwa, basi. Si kitu kingine.

Zikapita wiki, simu ikalia. Ujumbe. Mimi ujumbe wa Kizungu siku zote humpelekea Mama Zawadi anisomee. Mwingi ni wa kampuni ya simu na matapeli wanaosema nimeshinda gari. Nami nilikuwa nangoja kupigiwa, si kuandikiwa. Nikampelekea bila kufikiri. Nikamkuta ameketi sakafuni, mahali pa cherehani patupu. Ameiuza jana yake.

Akasoma mpaka mwisho. Kisha akanitafsiria, neno kwa neno. "Ombi lako la msaada limekubaliwa. Nenda dukani na namba hii uchukue pesa."

Akanirudishia simu. "Ile gari ya wavu haikukuona?"

"Binti yangu…"

"Usiniite vile!"

Pesa nilimletea zote. Alizichukua kwa ajili ya watoto, lakini aliyenunua cherehani alikataa kuirudisha. Kodi ya chumba ikamshinda, akahamia mbali, Diepsloot, kwa dada yake. Watoto wake walikuwa wananiita babu. Sasa hakuna anayeniita hivyo.

Mwaka huu nikapanda teksi nikamfuata. Anakaanga maandazi mbele ya spaza, kiduka cha mtaani, mikono imejaa alama za mafuta. Akanipa kiti, nikaomba msamaha. Nilidhani atanitukana, na ingekuwa nafuu!

"Nilishakusamehe, Papa. Lakini mama mmoja wa ile nyumba alinipigia juzi. Mtoto ana homa, naye anaogopa kumpeleka kliniki. Eti kuna gari ya wavu. Hadithi yako bado inatembea. Nenda uisimamishe."

Mtoto yule nilimpeleka kliniki mwenyewe, tena mbio. Amepona. Lakini mama yake sikumwambia kwamba gari la wavu nililitunga mimi.

Tangu hapo sikai, situlii. Nikitoka uani, watu wananisogezea kiti, nafungua mdomo, inatoka hadithi nyingine! Ndiyo maana nimeandika hapa, polepole, herufi moja moja. Gari halikuwapo, ndugu zangu. Mama aliyelia hakuwapo. Ukumbini mwa kanisa kulikuwa na watu wanasaidiwa, na mimi nikiwa mmoja wao. Atakayesoma awasomee wa nyumba yetu. Nitakuwa nimekaa palepale uani.

Nanyi mlio bila vibali, msiogope kwa mdomo wa mtu. Mtumeni mmoja mwenye karatasi akatazame kwanza, arudi aseme alichokikuta. Na wewe uliyedanganya kama mimi, rudi ukaseme siku ileile, hata wakucheke mpaka walie. Kesho yake cherehani imeshauzwa.